Boya Kisimani kwa Bi Mwanahalima

Kwa miaka thelathini Bi Mwanahalima wa Kirongwe amemwagilia bustani yake kwa ndoo mbili na ulimi mmoja. Ndoo za kuchotea, ulimi wa kuonjea. Huku kwetu Mafia maji matamu ya kisima yamekaa juu ya maji ya chumvi, na ukichota kwa pupa bahari inakufuata mpaka ndani ya ndoo. Kwa hiyo yeye huonja kwanza. Akishachota ndoo ishirini, anafunika. "Kipumue," husema. Ulimi huohuo ndio unaotunyoosha sisi vijana wa mtaani.

Mwaka huu goti likamgomea. Mwanawe Hafidhi akapiga simu kutoka Dar: Idi ijayo anavuka kumchukua, wakakae wote ghorofa ya tatu.

"Nikamwagilie nini huko, zulia?"

Wakapatana. Hafidhi akikuta nyanya zimeiva na mama hajabeba hata ndoo moja, atarudi peke yake.

Hapo nikaitwa mimi. Nimesoma umwagiliaji mwaka mmoja wa diploma ya miaka miwili, kwa hiyo najua nusu ya kila kitu, na nusu hiyo naijua kwa kelele. Kikundi cha kina mama kilikuwa kimepata pampu ya sola na mipira ya matone, na Bi Mwanahalima ndiye wa kwanza kufungiwa. Tukapandisha tangi juu ya magogo ya mnazi, tukalaza mipira kwenye matuta, nikawasha. Tone la kwanza lilipoangukia shina la mche, alipiga kigelegele mpaka jirani yake Safia akaja mbio akidhani kuna posa.

"Linadondoka lenyewe, Safia! Tazama, pale pale shinani!"

"Na wewe sasa kazi yako nini?"

"Kukutazama wewe ukibeba ndoo."

Nikamshauri aiache pampu ifanye kazi kutwa, jua si la mtu. Tena nilikuwa nimeitumbukiza kisimani mpaka chini kabisa, maji yasije yakakatika.

"Na kuonja je, mwanangu?"

"Bibi, hii teknolojia. Haionjwi."

Siku ya tisa ncha za majani zilikuwa kahawia, kama zimepigwa pasi. Bi Mwanahalima akakinga kikombe kwenye tangi, akanipa.

"Haya, onja teknolojia."

Nikaonja. Bahari tupu, ilikosa dagaa tu.

Nikajitetea kwa maneno ya darasani, nayo yakaniishia upesi. Idi ilikuwa imebaki miezi miwili. Nilimwona akitazama zile ndoo, kisha goti, kisha ndoo tena. Halafu akaingia ndani, akatoka na boya la jarife, ule wavu wa kuvulia wa marehemu mumewe.

"Matamu yako juu, wewe umekwenda kuyatafuta chini. Funga hapa."

Tukaining'iniza pampu chini ya boya, shubiri mbili tu kutoka usoni mwa maji. Kisima kikipanda, inapanda. Kikishuka, inashuka nacho. Tukamwaga tangi zima, tukakiacha kisima siku tatu. Ya nne akaonja, akafumba macho, mimi nimeshika roho mkononi.

"Matamu! Washa! Tangi likijaa tu, zima, kipumue."

Matuta mawili yalikufa, hayo ni yangu na Mungu wangu. Mengine yakatoa majani mapya, kisha maua, kisha tukaanza kugombana nani kaiona kwanza nyanya ya kwanza nyekundu.

Hafidhi aliingia siku mbili kabla ya Idi, na begi tupu la kutilia nguo za mama. Alimkuta amekaa kitini katikati ya matuta, kikombe mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Angalia miguu, utanikanyagia mipira."

Akazitafuta ndoo. Moja ilikuwa na kuku anaatamia; ya pili imejaa nyanya, na aliyeibeba nilikuwa mimi. Hafidhi akacheka, akavua viatu, akaanza kuchuma.

Begi limerudi Dar limejaa nyanya mpaka zipu imekataa kufunga. Mimi kesho nakwenda kufunga pampu kwa Safia. Boya ameshalitafuta. Mimi nakwenda na kikombe.