Mbwa Habebwi

Binti yangu karudi mchana huu na boksi la sabuni, na ndani ya boksi kuna mtoto wa mbwa. Kamnunua kwa kijana mmoja kando ya barabara hapa Butimba, akaambiwa keshafikisha umri wa kuhama. Nimemwekea maziwa kwenye kibakuli. Ameyanusa, akayakanyaga, kisha akaanza kulia huku akinyonya pindo la kanga yangu. Hapo moyo ukanishtuka, rafiki yangu unayesoma, maana kilio hicho nakijua. Nilikisikia utotoni, ng'ambo ya Kamanga, kule unakovuka ziwa kwa kivuko, nyumbani kwa bibi.

Nyumba ya bibi ilizungukwa na ua wa minyaa, na ziwa lilikuwa chini kidogo, karibu kiasi cha kuwasikia wanawake wakifua na kutetana. Kazi yetu watoto ilikuwa kuanika dagaa na kufukuza kunguru, na malipo yetu yalikuwa michembe ya viazi, vile vipande vilivyokaushwa juani, iliyopikwa kwa karanga, ile unayoila mpaka unasahau kunywa maji. Bibi alikuwa na mbwa jike aliyeitwa Watasema, jina alilompa ili majirani wenye midomo wajijue. Kila alipozaa, watu walikuja kuomba watoto, na bibi alikuwa na sharti moja tu. Mwombaji aje na bakuli la chakula cha kwake, aliweke nje ya ua. Mtoto wa mbwa akilifuata kwa miguu yake mwenyewe bila kugeuka kumtafuta mama, ni wako. Akigeuka, rudi nyumbani ukasubiri. "Mbwa habebwi," alikuwa akisema. Hakuhesabu wiki wala miezi.

Mwaka huo fisi walikuwa wakimmalizia mbuzi jirani yetu, mama mwenye watoto wadogo, ambaye mumewe alikuwa visiwani akivua. Alibakiwa na mbuzi mmoja, tena mwenye mimba. Akaja na bakuli lake la ugali na dagaa, mtoto wa mbwa akafika kwenye minyaa, akageuka. Akaja tena, yule akageuka tena.

"Mama, fisi hanisubiri," alisema.

"Na huyu je, hana tumbo?" bibi akamjibu. "Ukimchukua leo utazika mbwa, na fisi atakuja vilevile."

Asubuhi moja, bibi akiwa shambani, tulimsikia Watasema akilia kwa namna ya kutisha. Tukakimbilia bandani; mtoto mmoja hayupo. Bibi aliporudi tukamwambia. Alichukua kamba ya katani, akamfunga Watasema shingoni, akaelekea kwa jirani, sisi nyuma yake tukiogopa hata kukohoa. Nilikuwa na hakika kwamba leo watapigana.

Tulimkuta jirani amepiga magoti kando ya kihenge cha mtama. Mtoto wa mbwa alikuwa amelala ubavu, uji umemkaukia puani, mbavu zikipanda na kushuka kwa taabu.

"Shikamoo, mama," jirani akasema.

Bibi hakuitikia. Sijawahi kumwona tena akiacha salamu ya mtu ikining'inia hewani. Alilegeza kamba tu. Watasema akaenda, akamnusa mwanawe, akamlamba, akajilaza kando yake. Mtoto hakusogea. Jirani alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga. Watasema akamsukuma kwa pua, akamsukuma tena, na kile kichwa kikainuka, kikatafuta, kikapata. Tukasikia ananyonya.

"Marahaba," bibi akasema.

Kisha akatutuma tukawalete na wale wengine kwa kapu. Kwa ujuaji wangu nikamkumbusha kwamba mbwa habebwi. "Anayekwenda na mama yake hajahama," akanijibu. Wote wakakaa kwa jirani, Watasema akibweka hadi kunakucha, na yule mbuzi akazaa salama. Siku ya kurudi, mtoto yule aliwafuata wenzake mpaka ukingoni mwa ua, akasimama. Jirani akagonga bakuli mlangoni. Mtoto akageuka, safari hii kulifuata bakuli, akaenda mbio. Jirani alicheka huku analia.

Bibi hayupo sasa. Minyaa iling'olewa, pakajengwa ukuta wa matofali, na simwoni tena mtu akienda kuomba mbwa na bakuli mkononi. Hayo ningeyavumilia. Kinachonishinda ni kilio hiki hapa jikoni. Nimempigia yule kijana muuzaji kwa namba aliyompa binti, simu haipatikani. Nimemrudisha binti barabarani, kakuta pale aliposimama pana mtu anauza machungwa. Nachovya kitambaa kwenye maziwa ya uvuguvugu, namdondoshea mdomoni; machache yanaingia, mengi yanamwagika.

"Mama, atapona?" binti ananiuliza.

Namfunika yule mtoto wa mbwa kwa pindo la kanga. Miguu ninayo, ningemrudisha hata ng'ambo ya Kamanga. Ila sijui mama yake analia katika ua gani.