Hirizi ya Queensbury

Nianze kwa kukiri: nilikuwa namwonea wivu wifi yangu, na haukuwa wivu wa mzaha. Yeye ni mdogo wake mume wangu, anakaa Queensbury, vituo sita vya treni kutoka kwetu Kilburn huku ughaibuni, na tangu kiangazi kila Jumamosi binti yangu wa miaka tisa alikuwa akienda kushinda kwake. Akirudi, habari ni hizohizo. Shangazi ana mkasi unaokata karatasi ikatoka na ukingo wa mawimbi. Shangazi ana mihuri ya popo na maboga. Shangazi anajua kumtengeneza mzimu wa pamba akasimama mwenyewe. Mimi nakoroga mchuzi nasikiliza, na mwiko unazidi kugonga sufuria.

Wifi yangu ana miaka minane ya ndoa na Mungu hajamjaalia mtoto. Nilikuwa nalijua hilo siku zote, na mtu angetaraji linilainishe moyo. Halikunilainisha. Mimi nina mtoto, yeye ana mkasi, na mwenye wivu ni mimi.

Mwanzoni mwa Oktoba mtoto alirudi na tagi ya Halloween. Tagi ni kile kikadi chenye tundu na uzi, cha kufungia kwenye mfuko wa zawadi. Hii ilikuwa na nyumba nyeusi, mwezi wa dhahabu, kipande cha lesi chini, na popo watatu walioinuliwa kwenye karatasi kama wanataka kuruka. Baba yake hapendi habari za Halloween. Si sikukuu yetu, na kumwacha agonge milango ya watu kuomba peremende hatujawahi. Lakini tulishakubaliana kwamba kukata makaratasi si dhambi. Basi akaitundika juu ya kitanda chake, mahali palipokuwa na picha yetu, mimi na yeye. Picha aliishusha akaiweka juu ya kabati, kwa adabu kabisa, uso umeelekea ukutani.

"Na sisi tutatengeneza yetu," nikamwambia. "Jumapili ijayo."

Akanitazama kwa huruma. "With what, Mama?"

Swali hilo lilinikaa wiki nzima. Jumapili mchana nikavuta kila droo. Kadi niliikata kwenye boksi la konfleksi. Ili ionekane kuukuu nikaipaka maji ya majani ya chai, rangi ikatoka hafifu, nikaongeza zafarani niliyoiroweka, zafarani nzuri ya kuletewa kutoka nyumbani, ambayo hata siku ya pilau naionea uchungu. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, kwa hiyo bandeji nyeupe hazikosi mkobani. Moja tukaichambua nyuzi mpaka ikachakaa ikawa sanda ya mzimu. Baibui langu lililoungua kwa pasi likatoa kitambaa cheusi cha usiku. Nywele za rasta zilizobaki siku niliyomsuka zikawa utando. Na buibui wenyewe niliwafanya kwa karafuu, miguu yao ya uzi mwekundu, maana uzi mweusi ulikuwa umekwisha.

Mwanzo mtoto alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama mkaguzi. Alipoona buibui wa kwanza akavuta kiti. Alichovya kijiti cha meno kwenye zafarani akaandika mistari ya kupindapinda kutoka juu hadi chini. Nikamuuliza ni nini hicho.

"An old spell," akanijibu. "Nobody can read it."

Ulimi wake ulikuwa umechungulia pembeni mwa mdomo, kama anavyofanya akizama katika jambo analolipenda. Tangu kiangazi sikuwa nimeuona ulimi ule mezani kwangu. Tukashona kingo zote kwa uzi mwekundu, vidole vyetu vinanukia karafuu, na nilifurahi hata nikamsamehe wifi mkasi wake. Tulipoinua kazi yetu kwenye mwanga wa dirisha, ilikuwa nzuri, wallahi nzuri. Ya wifi ilikuwa safi. Yetu ilitisha.

"I'm giving it to Shangazi," akasema.

Nilijifanya nafunga chupa ya gundi. Ilikuwa imeshafungwa. Nikamwambia vyema, mpe. Yeye alitaka iwe ya kushtukiza, na Jumamosi iliyofuata akaenda nayo ndani ya soksi, akarudi jioni anacheka peke yake. Hakuniambia ameiweka wapi.

Kesho yake asubuhi simu ikalia. Sauti ya wifi ilikuwa ndogo sana.

"Wifi, miye nimekukosea nini?"

"Kwani kuna nini?"

"Nimekuta kitu chini ya mto wangu wa kulalia. Sitaki hata kukitaja. Hakuna aliyeingia chumbani ila mtoto, na mtoto mambo hayo hayajui. Katumwa. Kama n'nakuudhi kwa kumzoea mwanao, si ungenambia tu? Simchukui tena. Nakuomba, nambie ulichokifunga, nikifungue."

Hapo ndipo nilipoiona tagi yetu kwa macho yake. Kitambaa cheusi, bandeji nyeupe, uzi mwekundu: rangi tatu zilezile za waganga. Nywele. Karafuu. Maandishi ya zafarani yasiyosomeka, kama ya kombe, yale ya kuoshwa kwa maji yakanywewa. Kimeshonwa kwa mkono na kufichwa chini ya mto wa mwanamke asiye na mtoto, na wifi yake, yaani mimi, ni mtu wa Pemba. Ukweni kwangu ni Unguja mjini, na utani wao ni wa miaka yote: msimuudhi huyo, watu wa kwao wana mambo. Tunacheka sote. Jumapili ile nilipokuwa nashona mawazo yangu yalikuwa kwenye mizimu ya Wazungu tu, sikuona kwamba nashona hirizi.

Maneno machache yangetosha. Ni tagi, wifi, ya Halloween, kakutengenezea mtoto. Yalikuwa mdomoni. Lakini mimi nilikuwa nimeshalisikia lile "simchukui tena", na moyo wangu, Mungu anisamehe, ulitulia kwa mara ya kwanza tangu kiangazi.

"Tutazungumza, wifi," nikasema. "Niko kazini." Nilikuwa jikoni kwangu na nguo za kulalia. Nikakata simu.

Zikapita Jumamosi mbili. Ya kwanza nilimpeleka mtoto Stratford kutembea madukani, nikamnunulia mkasi wa mawimbi, mkubwa kuliko wa shangazi yake. Hakuutoa kwenye karatasi yake. Alikuwa mwema siku nzima, akashukuru kwa kila kitu, na kila simu yangu ilipolia aligeuka. Nilimwambia shangazi ana shughuli. Jumamosi ya pili tulikuwa kwenye basi tunarudi nyumbani aliponiuliza, kwa Kiswahili, lugha ambayo hanijibu nayo ila akiwa mgonjwa:

"Mama, tagi yangu ilikuwa mbaya?"

Hakumlaumu shangazi yake. Mimi hakunifikiria kabisa. Alikuwa ameketi na swali lake wiki mbili na kosa amejipa mwenyewe. Nikabonyeza kengele, tukashuka kabla ya kituo chetu, tukaingia stesheni, na vituo sita vile sijawahi kuviona virefu namna ile.

Wifi alifungua mlango na mnyororo ungali umefungwa. Akaniona mimi, akamwona mtoto, akautoa. Mtoto alimkumbatia kiunoni haraka, akapita akakimbilia ndani. Mimi nilisema palepale mlangoni, kabla ya kuvua viatu, kwa sababu najijua, ningeketi ningetafuta namna ya kujipamba. Nikamwambia ile ni tagi, aliyeandika ni mtoto, zafarani na karafuu vilitoka jikoni kwangu, na mtoto alitaka kumfurahisha. Kisha nikamwambia lililobaki: nilijua tangu ile simu, nikanyamaza, kwa sababu niliitaka Jumamosi iwe yangu.

Aliuegemea mlango.

"Wiki mbili nimelala kwenye sofa, wifi," akasema. "Wiki mbili. Jumamosi ningekugaia. Si ungeomba?"

Nikamuuliza hicho kitu kiko wapi, nikitaraji ameshakitupa majini. Kabla hajafungua mdomo mtoto alipiga ukelele huko jikoni, na wifi akafumba macho.

Kutoka pale niliposimama nilikiona. Dirishani kulikuwa na chupa kubwa ya achari, imejazwa maji ya chumvi ya kuvunjia uchawi, kifuniko kimekazwa na kuzungushiwa utepe, na ndani yake tagi yetu. Zafarani ilikuwa imeyeyuka, maji yote manjano. Sanda ya bandeji imejitandaza inaelea, nywele zimetawanyika, na buibui mmoja wa karafuu amepanda juu anazunguka polepole. Nilitafuta uongo wa haraka wa kumwambia mtoto, nisiupate.

"Shangazi!" Pua yake ilikuwa imegusa kioo. "You made it a potion! It's so much scarier now!" Yeye aliona dawa ya kichawi ya mchezo tu. Akanigeukia mimi, uso unang'aa, Kiswahili kikamtoka bila ugonjwa. "Mama, mbona sisi hatukufikiria hivi?"

Wifi aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yanamtikisika, sikujua kama ni kilio au kicheko mpaka aliposhindwa kukizuia. Alikuwa anacheka. Na mimi niliyekuja kuomba radhi, hata hapo mlangoni sijatoka, nilisikia ule wivu unapanda tena, uleule: hata kinga aliyojikinga nayo dhidi yangu imetoka nzuri kuliko kazi yangu. Nikavua viatu, nikaingia ndani na wivu wangu hivyohivyo.