Bolti za Lori la Mbuzi

Juzi gereji nilimkuta fundi akisugua bolti kuukuu za hedi, kifuniko cha juu cha injini, ili azirudishe kwenye gari langu. Nilimfokea. Harufu ya mafuta taa ilikuwa ileile ya utotoni.

Alasiri moja nikiwa mtoto, Guyo, fundi wa Baba, aliziosha hivyo hivyo bolti za lori letu uani. "Chuma hakizeeki, mzee," alimwambia Baba. Ziling'aa juu ya gunia, nami nikaamini zimekuwa mpya. Sikujua zikishakazwa mara moja hurefuka, hazibani hedi tena, na maji ya injini huvuja.

Njiani kwenda Sericho, katikati ya nyika, injini ikachemka, ikafa. Mbuzi wote wa Baba waliokuwa ndani ya lori walikufa kwa kiu.

Guyo akaja kutupa pole, nasi tulishajua ni bolti zake. "Mungu ndiye alipanga," alisema. Mama akanituma nimletee chai. Niliitemea mate, nikaikoroga vizuri, nikampa kwa mikono miwili.