Dirisha la Gunnvor

Gunnvor, binti wa kaka yangu, amenizidi shule tu. Mdomo kaurithi kwangu, ukaidi kaurithi kwangu, na nyumba anazochora, akili ya kwanza nilimpa mimi, siku niliyomfundisha kuchimba pango la theluji. Mle ndani mshumaa mmoja ulitutoa jasho! Basi yeye akaenda chuo, akarudi na michoro ya ghorofa ya mbao hapa hapa mjini kwetu Trondheim, makazi ya wanafunzi yasiyo na jiko la kuni hata moja. Kuta nene kama magodoro, vioo vya tabaka tatu, na mashine darini inayotoa hewa chafu lakini kwanza inaipokonya joto lake.

"Wanafunzi watapashana joto wenyewe?" nikamchokoza.

"Mwili wa mtu ni jiko tosha, Ba'mdogo. Wewe ukiingia na hilo tumbo, tunazima mitambo."

Ikafika siku ya kipimo. Mlangoni hufungwa feni kubwa inayofyonza hewa. Jengo likivuja hewa kupita kiasi, halifunguliwi, na wanafunzi wanaoingia Agosti walale wanapojua. Gunnvor alifunga madirisha mwenyewe, akiwatisha mafundi: "Atakayegusa dirisha, namla na mkate!"

Feni ikanguruma. Mkaguzi Rognli, mtu mkavu kama samaki wa kuanikwa, akatazama kipimo. "Linavuja. Tena vibaya."

Gunnvor akawa mweupe kuliko chokaa. Mafundi wakatawanyika, wanapapasa kila pembe. Mimi nikaweka chini andazi langu bapa la kuokwa kwenye chuma, lenye jibini ya kahawia, jambo nisilolifanya ovyo.

"Ulipokuwa mchanga, mama yako alikuwa anakulaza wapi mchana?"

"Nje, kwenye kigari, kwenye baridi, kama watoto wote! Ba'mdogo, sasa hivi si wakati wa..."

"Na jana umelala wapi?"

"Humu humu, chumba cha pembeni juu, nione kama joto linakaa."

"Na dirisha?"

Akapanda ngazi mbio, mimi nyuma nikihema kama ng'ombe. Nyuma ya mlango uliofungwa, dirisha lake lilikuwa wazi upana wa kiganja, upepo unapiga mluzi. Ndicho chumba pekee ambacho hakukikagua. Nani anakagua kitanda alichotoka?

Akalisukuma likafungika, tah! Chini Rognli akapaza sauti: "Limepita! Limepita kwa mbali!" Tukaanguka sakafuni kwa kicheko, mpaka kwikwi ikamshika.

"Kama hata mimi, hic, siwezi kulala dirisha likiwa limefungwa, hawa watoto wataweza?"

Akachomoa penseli pale pale sakafuni. Sasa kila dirisha la kulalia lina swichi yake: ukilifungua, kipasha joto cha chumba kinazima chenyewe. Januari nilipita pale. Ukuta mzima, madirisha yameachwa wazi kidogo, vijana wamelala pua baridi, na mitambo imetulia tuli.

Wazo la nani? Muulizeni. Asiponitaja, naingia na tumbo langu.