Bahari ya Kushika

Mama yangu hakupata kusifu kitu. Wali wangu aliuita wali wa adui. Mume wangu aliponirudisha nyumbani, mama alisema mbele ya majirani kwamba yule bwana si mjinga hata kidogo, amemrudisha mke akabaki na masufuria, kwa kuwa masufuria yana faida. Majirani walicheka, nami nikacheka nao, maana ukiishi na mama yangu bila kujifunza kucheka utakufa kwa kihoro. Ndivyo nilivyotoka Gazi nilikoolewa nikarudi kwetu Munje, na sanduku la nguo na mkebe wa brashi.

Mimi nachora mandhari. Hapa kwetu mchoraji na mpaka rangi ni mtu mmoja, kwa hiyo mtu akisikia kazi yangu huniuliza kama nina nafasi ya kumpakia choo chake kabla ya Idi. Zamani nilikuwa nakasirika na kueleza. Siku hizi nauliza choo chenyewe ni cha rangi gani, na yeye ndiye anayeona haya.

Mama alinipa sharti moja tu: chenye roho nisikichore. Alisema siku ya kiama nitaletewa kila nilichokichora niambiwe nikitie pumzi, na kwa jinsi anavyonijua, nitashindwa. Nilimtii. Picha zangu hazina mtu, hazina ndege, hazina hata mbuzi. Zina mizizi ya mikoko, mchanga uliokunjika baada ya maji kupwa, na ngalawa zilizoachwa juu ya tope zisikaliwe na mtu. Mwenye duka la picha kule Diani, mtu wa kutoka Nairobi, alizipokea kwa shingo upande. Aliniambia, "Anti, hii ni poa, lakini si uweke ka-twiga hapo kando? Wageni wanapenda twiga." Nikamwambia twiga wa kwetu hawaogi baharini. Hata hivyo alizitundika, karibu na mlango wa stoo, na moja moja zilipata watu.

Kisha mama akapata ugonjwa wa mtoto wa jicho. Ulianza kama ukungu kwenye mboni ya jicho moja, ukahamia la pili, mpaka macho yote mawili yakawa meupe kama ndani ya dafu. Jina la ugonjwa wenyewe lilimfurahisha. Alikuwa akisema wa tumboni hawamsaidii kitu, na sasa huyu wa jichoni ndiye aliyeshikamana naye. Alipapasa kuta, alipapasa sahani, alipapasa nyuso zetu na kutusimanga kwa kukonda au kunenepa.

Asubuhi moja nilikuwa barazani nimemaliza picha niliyoichora juu ya ubao, ya mlango wa Gazi, pale maji yanapoingilia kwenye mikoko. Niliutengeneza mchanga kwa kuchanganya rangi na mchanga wenyewe na gundi, nikaukwangua kwa mwiko wa fundi muashi ili mikunjo isimame. Mama akaja akipapasa, mkono wake ukatua juu ya ubao. Nilitaka kuutoa, rangi ilikuwa haijakauka sawasawa. Akanizuia. Vidole vyake vilitembea polepole kwenye ile mikunjo, vikafika kwenye mizizi, vikaizunguka mmoja mmoja.

"Hapa ni Gazi," alisema. "Maji yamekupwa. Hii ndiyo njia tuliyokuwa tukipita kuokota kombe." Akavipeleka vidole tena, akavirudisha. "Umeiweza, mwanangu."

Nilikuwa mtu mzima, nimeolewa na kuachwa, na sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Niliingia chooni nikalia huko, nisionekane.

Tangu siku ile sikumchorea mtu mwingine. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi niliposifiwa nilitia mchanga. Nilitia na vumbi la mbao, maganda ya kaa yaliyopondwa, nyuzi za makumbi. Nilikwenda Gazi maji yakiwa yametoka, nikapiga magoti kwenye tope nikafumba macho, nikaishika mizizi kama alivyokuwa akiishika yeye, kisha nikarudi kuichora kwa kumbukumbu ya viganja. Wanawake waliokuwa wakipanda miche ya mikoko waliniona na kudhani nimepungukiwa na akili. Nilipoona mama anavuka haraka sehemu za mbingu, kwa kuwa mbingu haishikiki, niliacha kuhangaika na mbingu. Rangi nazo nilizipuuza. Iliyobaki mkebeni ndiyo niliyotumia, mradi ina unene. Kila ubao ulipokauka niliuweka mapajani kwa mama, nikakaa chini mbele yake kungoja. Hakukosea mahali hata mara moja. Aliujua mwamba wa Msambweni kwa ncha ya kidole gumba.

Mwenye duka alianza kuzirudisha. Alisema, "Anti, hii rangi imekufa. Ni matope tu." Nilimjibu kwamba yeye ni mtu wa bara, bahari ameikuta kwenye kalenda. Nikazichukua mbao zangu nikaondoka kichwa juu. Kaka yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu, alizitazama zilivyopangwa sebuleni akasema nyumba imekuwa kama mahali pa ujenzi. Nikamwambia amuulize mama. Hilo lilikuwa jibu langu kwa kila mtu. Nilikuwa na shahidi mmoja, na shahidi mwenyewe alikuwa mtu ambaye hakuwahi kumsifu hata marehemu mumewe.

Mwaka jana wakaja madaktari wa macho, wale wanaopasua bure kwa siku chache kisha wanaondoka. Kaka alikataa. Alisema mama amezeeka, atafumbuliwa macho aone nini, na kila kitu alikwisha kukiona? Mama mwenyewe alisema hataki, nyuso zetu anazikumbuka na zinamtosha. Nilimbembeleza kwa wiki nzima. Nasema ukweli, sikumbembeleza kwa ajili ya afya yake tu. Nilitaka azione. Kama vidole pekee vilimfanya aseme ameiona Gazi, macho yangemfanya aseme nini? Nilikuwa nikilala nikiyapanga maneno yake kichwani.

Mwishowe alikubali, naye alinipa sababu yake tukiwa kwenye foleni, chini ya turubai. "Sogea, mwanangu," alisema. "Naogopa kisu. Lakini nataka niione ile bahari yako kabla sijafa."

Walimpasua jicho la kulia. Kesho yake muuguzi alipobandua pamba, mama alipepesa, akamtazama kaka kwanza. Akamwambia amezeeka vibaya, mtu angedhani ni yeye aliyemzaa mama. Akanigeukia mimi. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Uso wako ndio huu?" aliuliza. "Nilikuwa nakukumbuka u mzuri."

Muuguzi alicheka mpaka akashika meza. Nami nilicheka, safari hii kwa furaha ya kweli, maana huyo alikuwa mama yangu mzima, ulimi na jicho. Njiani kurudi alisoma kila kibao cha barabarani kwa sauti na kuyakosoa majengo. Alisema minazi imekonda. Alisema msikiti umepakwa rangi ya duka la dawa. Nilikuwa nimemshika mkono, na moyo wangu ulikuwa ukienda mbio kama wa bibi harusi.

Asubuhi kabla ya kwenda kumchukua nilikuwa nimeitundika sebuleni ile ya kwanza, ya mlango wa Gazi, mkabala na kiti chake. Nyingine nilizipanga chini ukutani. Nilimkalisha, nikafungua madirisha yote mwanga uingie. Kaka alisimama mlangoni. Yeye naye alitaka kusikia.

Mama aliitazama sebule. Alilalamikia pazia. Alilalamikia utando wa buibui darini. Kisha jicho lake likatua pale ukutani, likatulia.

"Nani ametundika ubao wa fundi lipu humu ndani?" aliuliza.

Akazitazama zile nyingine chini, akasema na hizi zote zimeletwa za nini, mnajenga wapi? Hakuwa akitania. Namjua mama, akitania mdomo wake huenda upande mmoja, na siku ile ulikuwa umenyooka. Nilizitazama nami, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, kama anavyotazama mtu anayepita njia. Zilikuwa kijivu na hudhurungi, zimevimba hapa, zimepasuka pale. Palipokuwa na maji hapakuonekana maji. Alikuwa amesema kweli, zilikuwa mbao za fundi lipu.

"Haya, niletee," mama alisema. Alikuwa amejiweka sawa kitini, mikono ameikunja mapajani kama mtu anayengoja kuhudumiwa. "Zile picha zako ziko wapi? Ile ya Gazi."

Kaka alinitazama. Nitamshukuru mpaka kufa kwamba hakufungua mdomo. Ningeweza kumwambia mama afumbe macho anyooshe mkono. Nililifikiria hilo, na nikaona jinsi vidole vyake vingeijua mizizi mara moja, kisha macho yangefumbuka yaone ni nini alichokuwa akikisifu.

"Zimeuzwa, mayo," nilisema.

"Zote?"

"Zote. Mzungu mmoja alizichukua."

Mama akawa anaisugua mikono yake, kidole kimoja kimoja. Nilidhani atanitukana. Ningependa anitukane.

"Ungeniachia hata moja," alisema hatimaye. "Nimekubali kupasuliwa jicho kwa ajili yake."

Nikasema anisamehe, nitamchorea nyingine. Akatikisa kichwa. Akasema mkono hauzai kitu kile kile mara mbili, na kwamba yule mzungu ana bahati. Kisha akaelekeza kidevu ukutani.

"Ubao ule usiutupe. Utafaa kufunikia pipa la maji."

Nikaushusha, nikatoka nao uani, nikalifunikia pipa.