Sikio la Kulia

Usiku ule wa kuamkia Krismasi, Aldona Petkus alipanga meza huku sikio lake liko barabarani. Kila gari lililopunguza mwendo lilimkata maini. Vytas, mwanawe wa pekee, alikuwa vitani Vietnam, na barua zake zilikuwa zimekatika tangu majani yaanze kupukutika. Na habari za kifo, jeshi lilizileta kwa gari, maafisa wawili mlangoni.

Mumewe, Kazys, aliweka sahani ya tatu. Aldona akaiona, akaiacha ikae. Lakini Kazys alipoleta na mshumaa mdogo, alimpokonya.

"Mshumaa ni wa marehemu, Kazys! Umerukwa na akili?"

"Basi, mama, basi. Sahani tu. Mtoto kasafiri, sahani yake ipo. Kuna ubaya?"

Aldona aliusukumia mshumaa ndani ya droo, juu ya ile karatasi.

Karatasi hiyo aliitoa kiwandani. Tangu usichana wake, wakati wa vita vya Hitler, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha Chicago kilichochapa lile gazeti kubwa la picha. Enzi hizo mitambo haikulala. Kila nyumba mtaani ililinunua, na watu waliuona ulimwengu humo: wafalme, waogeleaji, maiti za ufukweni. Halafu ikaja televisheni. Wanawake wa chumba cha kujalidi wakaanza kupunguzwa, leo huyu, kesho yule.

"Vita ndivyo vinatulisha, shoga," Lorene, mwenzake wa mezani, alizoea kusema. "Siku wakiacha kuuana, mimi na wewe tukauze soseji."

Aldona alikuwa akicheka naye, mpaka Vytas alipoitwa jeshini. Tangu hapo kila karatasi iliyopita mikononi mwake aliikagua, sura baada ya sura.

Na wiki iliyopita akamwona pichani. Askari wanne wamembeba mwenzao matopeni. Macho ya majeruhi yamefumba, nusu ya uso imefungwa bandeji, ila sikio liko wazi, na ncha yake ya juu imenyofoka. Sikio la Vytas lilikuwa hivyohivyo tangu mbwa wa jirani alipomng'ata utotoni. Aldona akaificha karatasi chini ya aproni, kosa la kufukuzwa kazi papo hapo.

Nyumbani Kazys aliitazama kwa muda mrefu, kisha akapiga meza kwa furaha.

"Hili ni la kulia! Mwanetu kang'atwa la kushoto! Wewe mwanamke, utaniua kwa presha!"

Kweli, lilikuwa la kulia. Aldona alilia kwa shukrani, na usiku huo akalala.

Sasa samaki na uyoga vilikuwa mezani, nyota ya kwanza, ishara ya kuanza kula, imeshaonekana. Kazys alitoka chumbani akivaa shati lake jeupe.

"Nifungie hiki cha juu, vidole vyangu vimekufa ganzi."

Aldona alishika kishikizo, kisha akakiachia. Alilitazama shati la mumewe, kisha blauzi yake mwenyewe, iliyofungwa kinyume, vishikizo upande wa kushoto, kama zote za kike. Akaenda kwenye droo, akaitazama picha. Shati la yule majeruhi limefungwa kama la kike. Na wale wanne waliombeba, vivyo hivyo.

Si ameyaona mara ngapi kiwandani? Wapangaji wa kurasa wakitaka mtu wa pichani atazame ndani ya gazeti badala ya nje, huipindua picha, na kushoto kukawa kulia, kama sikio hili. Hata Lorene hucheka siku wakisahau, saa ya ukutani ikasomeka kinyumenyume.

"Una nini?" Kazys aliuliza.

"Moshi wa jikoni."

Gari likasimama nje. Milango yake miwili ikafungwa, mmoja baada ya mwingine. Viatu vizito vikapanda ngazi, vikatulia. Mlango ukagongwa, polepole, kwa adabu.

Uso wa Kazys ukachangamka. "Mgeni! Mwaka huu tumepata mgeni!" Usiku huo, kwa Walithuania, hakuna abishaye hodi akarudishwa. Alichukua mkate mwembamba wa baraka wa usiku huo, tayari kummegea mgeni.

"Kazys, ngoja."

"Ningoje nini? Watu wanaganda na baridi huko!"

Aldona hakumzuia. Aliutoa mshumaa kwenye droo, akauweka kwenye sahani ya tatu, akapapasa kutafuta kiberiti. Nyuma yake komeo likavutwa, na baridi ya nje ikaingia ndani.