Diski Kwenye Kikapu cha Mama Mdogo

Kila jioni baba mdogo alipofunga duka lake la picha na video pale Bombambili, alizima sanduku lililohifadhi kazi zetu, akachomoa diski zake mbili na kumkabidhi mke wake. Mama mdogo alizifunga kwenye kitenge, akazilaza chini ya kikapu, akafunika kwa mboga na kupanda nazo nyumbani Matogoro, na asubuhi akazirudisha. Mwizi akivunja, alisema baba mdogo, ataondoka na bati tupu. Nilimwambia mara nyingi kwamba huo ni wazimu. Alinijibu kwamba duka ni lake.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila mwenye mtaji kidogo mjini Songea alifungua kitu. Sanduku hilo, kubwa kama mkate, lilitoka Dar es Salaam na lilikuwa fahari yetu. Liliunganishwa kwa waya na kompyuta zote za dukani, na harusi, komunyo na vipaimara vya nusu ya mji vilikaa humo.

Jumamosi moja nilikuta baba mdogo amekwisha kufungua. Taa za sanduku zilikuwa kijani. Jina la duka lilijitokeza kwenye kompyuta, likaomba neno la siri, nikaandika. Ndani hakukuwa na hata faili moja.

"Mama mdogo ameleta diski?" niliuliza.

"Kapita mapema na ufunguo wake, kaweka. Huoni linawaka?"

"Ulimwona?"

"Nimwone wa nini? Gari bila injini linawaka?"

Nilitaka kuvuta droo za diski nijionee. Akasimama mbele yangu, mikono kiunoni. "Ukichomoa linawaka umeua kila kitu!" Nilikasirika hadi masikio yakapata moto.

Hapo hapo akaingia mama mmoja aliyetoka Nakapanya. Tulikuwa tumerekodi harusi ya binti yake, na humo baba mzazi wa huyo mama alitoa wosia kwa maharusi. Mzee alifariki muda mfupi baadaye. Sauti yake haikuwa imerekodiwa mahali pengine popote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumsikiliza baba."

Moyo ulinishuka mpaka kwenye kandambili. Baba mdogo alimvutia kiti, akamnunulia soda, akamwambia kwamba mashine zinapasha moto kwanza. Jasho lilimtiririka kama vile naye alikuwa mashine. Yule mama alimshukuru, akanywa soda taratibu.

Kisha mama mdogo akatokea mlangoni, kichwa cheupe kwa unga. "Mnisamehe, foleni ya kusaga ilikuwa ndefu." Akatua kikapu, akaondoa majani ya maboga, akafungua kitenge. Diski zetu zilikuwa zimelala humo salama kabisa.

Baba mdogo alizitazama, akatazama taa za kijani. "Sasa hili limewakaje?"

Tulikuja kuelewa baadaye. Sanduku lile lilikuwa na kumbukumbu yake ndogo ya flashi, chipu isiyozidi ukucha, iliyokaa ndani kwenye ubao wake. Humo ndimo ilimokuwa programu ya kuliamsha. Ukibonyeza swichi, lilianza kwa hiyo, likakumbuka jina lake na neno la siri, ndipo likatafuta diski. Likizikosa, lilibaki macho tu, halina cha kutoa. Kuwaka kwake hakukutuambia lolote kuhusu harusi za watu.

Baba mdogo alilizima, akachomeka diski, akaliwasha tena. Tulisubiri. Mafaili yalipojaa kwenye kioo nilipiga kelele ya furaha, nikafungua ile harusi. Mzee alisimama na kipaza sauti, koti limempwaya mabegani.

Yule mama aliweka chupa chini, akainuka. "Shikamoo, baba," alisema.

Mzee aligonga kipaza sauti kwa kidole. "Mnanisikia huko nyuma?"

"Tunakusikia, baba," alijibu, akicheka huku machozi yakimtoka. Mama mdogo naye, na unga wake kichwani, akaitikia kwa sauti kubwa kwamba tunamsikia vizuri.